Toleo Alilolisubiri Lugano

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, haikuwa ya msiba wala ya harusi. Ilikuwa Jumamosi ya masika, kule Kilolo, ukungu umefunga tangu asubuhi hata choo cha uani hakionekani, na mimi nimekaa kwenye nyumba ya mwalimu nimetega sikio kwenye redio kaseti. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Daftari mapajani, peni mkononi, na kichwa kimevimba kwa sifa. Siku hiyo niliharibu maisha ya mtu kwa ukurasa mmoja, na wala sikujua. Nilipomaliza kuandika nilijinyoosha, nikaenda kuchemsha viazi.

Nakuandikia kwa sababu ya juzi. Ulikuja kunisalimia hapa Ipogolo, ukakaa pale kwenye kochi umeinamia simu, ukasikiliza wimbo wa mtu kidogo tu, haukufika hata katikati, ukasema, "Babu, wengine wangeacha tu kuimba." Ukampa nyota moja. Nilikiona kidole gumba chako kinavyobonyeza, hakikusita hata kidogo. Nilitaka kukugombeza, lakini nikakuacha umalize chai yako uondoke. Kwa mdomo ningelia, na wewe ungedhani babu ameanza kuchanganyikiwa. Bora niandike. Kuandika ndiko kulikoniponza, acha kuandika huko huko kunisaidie.

Mimi nilisoma muziki kidogo kwenye chuo kimoja cha kanisa. Sasa hivi nasema kidogo. Wakati ule nilikuwa nasema nimesoma muziki, basi, na anayetaka kubishana aje. Chuoni nilikuwa na rafiki, jina lake Lugano, Mnyakyusa wa Mbeya, mtu wa kifua kipana na kicheko cha kushtua watu. Yeye alikuwa mpiga tarumbeta. Alilianza utotoni kwenye matarumbeta ya usharika wao, na unajua huku kwetu nyanda za juu matarumbeta kazi yao kubwa ni nini: ni kumsindikiza marehemu. Wanatangulia mbele ya jeneza kutoka nyumbani mpaka makaburini, na makaburi yenyewe mara nyingi yako mlimani. Lugano alijifunza mwendo wa muziki kwa miguu ya waliobeba. Wakichoka, anapunguza. Wakibadilishana mabega, anavuta pumzi. Walimu wa chuo walimkemea sana kwa hilo, naye alikuwa anacheka tu.

Pale chuoni kulikuwa na sahani moja ya santuri yenye muziki wa Ulaya, kipande kirefu cha sehemu tatu ambacho tarumbeta moja linaongoza na vyombo vingine vyote vinalijibu. Wenyewe wanauita konseto. Lugano aliusikia ule muziki mara ya kwanza akasimama katikati ya chumba, mdomo wazi. "Ndugu yangu," akaniambia, "ipo siku nitaupiga huu. Na nyuma yangu watakaa wenzangu wa matarumbeta, siyo hao wenye fidla." Tulimcheka darasa zima. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tukamaliza chuo. Yeye akarudi Mbeya, kazi ya muziki hakuna, akawa anaponda kokoto za kuuza kwa wajenzi. Mimi nikapangiwa kufundisha shule ya msingi Kilolo. Bahati yangu, daktari mmoja wa kizungu aliyekuwa anaondoka hospitali ya misheni aliacha sanduku la santuri kwenye ofisi ya kanisa mjini Iringa, na ndani yake mlikuwa na konseto ileile, imepigwa na watu watatu tofauti. Mjini umeme upo, gramafoni ipo. Kila nikishuka kufuata mshahara nilikuwa najifungia kwenye kile chumba nasikiliza sahani moja baada ya nyingine. Huyu kaharakisha hapa, yule kapunguza pale. Utamu wake, mwanangu, sikufichi. Watu watatu wanasoma karatasi ileile ya noti na kila mmoja anatoka na kitu chake.

Kanisa lilikuwa na gazeti dogo la kila mwezi. Nikaanza kuandika humo. Kwanza nililinganisha kwaya: kwaya mbili zimeimba wimbo mmoja, nasema nani kaweza na nani kachemsha. Watu wakapenda, hasa wale ambao kwaya yao haijaguswa. Baadaye nikaandika juu ya zile sahani tatu, na ingawa sidhani kama wasomaji kumi walielewa, mchungaji alinisimamisha ibadani akanisifu. Nikapewa jina, Mwalimu Sikio. Loo, niliupenda ule utani! Nikaanza kutembea na kifilimbi cha kupimia sauti mfukoni, kama wenzangu walivyotembea na kitana.

Basi, ndipo ikaja kaseti ya Lugano. Aliileta dereva mmoja wa lori, imefungwa kwenye kitambaa, na barua ndani. Barua nimeipoteza, lakini maneno yake ninayo. Alisema ameupiga, ule muziki, wote, sehemu zote tatu. Amewafundisha wenzake wa matarumbeta mwaka mzima, jioni kwa jioni, kisha wameazima mashine wakarekodi kanisani. "Sikiliza halafu uandike ukweli gazetini, usinionee haya," alisema. "Wazee wa usharika hawajui huu muziki, wamesema watasubiri neno lako. Likiwa zuri watanipa kazi ya kufundisha matarumbeta jimbo zima, niachane na kokoto. Vumbi lake sipatani nalo."

Hapo ndipo tunapoirudia ile Jumamosi.

Redio yangu ilikuwa inakula betri sita kubwa. Nilikuwa nimezitumia kwa taarifa ya habari na mpira wiki tatu nzima. Ninyi hamkuyaona haya: betri zikichoka tulikuwa tunazianika juani juu ya bati, zinapata nguvu za siku moja mbili. Lakini wiki ile jua hatukuliona kabisa. Nikafanya lile jingine tulilokuwa tunafanya, nikaziuma. Moja baada ya nyingine nikazibinya kwa meno ya nyuma mpaka zikabonyea, nikazirudisha. Taa nyekundu ikawaka. Kwangu ilitosha.

Ningeweza kungoja. Ningeweza kuipeleka kaseti mjini nikaisikilize kwenye umeme, palepale nilipozisikilizia zile sahani. Ila barabara ilikuwa tope tupu, na lori la viazi lilikuwa linashuka Jumatatu, nami nilitaka andiko langu lishuke nalo liwahi gazeti. Halafu, acha niseme yote, nilishaamua kabla sijasikia. Mponda kokoto na matarumbeta ya mazishini, wanapiga konseto? Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno matamu ya kumpondea.

Nikasikiliza. Ilikuwa nzito. Ilikuwa inaburuza. Nikatoa kifilimbi changu nikapima, tarumbeta liko chini karibu nusu noti, na wenzake wote wako chini pamoja naye. Sehemu ya pili ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, polepole hata unatamani kumsukuma mtu mgongoni. Haikunijia kabisa kwamba kundi zima haliwezi kushuka sawasawa namna ile bila sababu. Mwalimu Sikio, mwenye kifilimbi chake! Nikaandika.

Maneno yenyewe nayajua kwa moyo, maana nimeyasoma tena uzeeni, na utajua niliyasomea wapi. "Ndugu Lugano wa Mbeya amejitahidi, lakini kujitahidi siyo kupiga. Tarumbeta lake liko chini ya sauti inayotakiwa, na kwa kuwa yeye ndiye kiongozi, amewashusha wenzake wote. Sehemu ya pili ameipiga kama watu waliobeba jeneza. Ukilinganisha na zile sahani tatu, hii haikupaswa kurekodiwa." Ile sentensi ya jeneza niliisoma kwa sauti mara mbili, peke yangu mle ndani, nikacheka.

Gazeti likatoka. Mchungaji akacheka. Walimu wenzangu wakacheka. Kutoka Mbeya hakukuja neno.

Mwezi ukapita, redio ikazima moja kwa moja. Nikaibeba mpaka mjini kwa fundi, Mzee Shomari, aliyekuwa na kibanda chake karibu na soko. Babu yake alikuja Iringa na biashara kutoka pwani, ukoo ukabaki hapa hapa. Alikuwa mzee wa kofia safi na maneno machache, na mikono yake ilikuwa haitetemeki hata chembe. Akaifungua redio, akazitoa betri akaziweka juu ya gazeti moja moja. Zilikuwa zimevuja uji.

"Hizi umeziuma," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Muda gani umezitumia hivi?"

Nikamwambia mwezi na zaidi. Akatikisa kichwa, akaifuta redio kwa pamba, akachomeka waya wa umeme. "Tuisikie kama inavuta," akasema, akabonyeza. Kaseti ya Lugano ilikuwa bado imo ndani.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Ilikuwa kaseti ileile na hakuwa mtu yuleyule. Tarumbeta lilitoka limenyooka, jepesi, linang'aa, na wenzake nyuma wanamjibu kwa furaha kama watoto waliofunguliwa shule. Mkono wangu wenyewe ukaenda mfukoni. Nikatoa kifilimbi, nikapuliza taratibu kwenye kiganja. Sauti zikakutana palepale. Hakukuwa na nusu noti wala robo. Kumbe betri zangu zilizochoka ndizo zilizokuwa zikiizungusha kaseti polepole, na sauti ikashuka nayo. Nikakaa kwenye kigoda cha Mzee Shomari bila kukaribishwa.

Ikafika sehemu ya pili. Hiyo ilikuwa bado ya polepole, polepole kuliko sahani zote tatu za daktari. Hapo sasa betri hazikuwa na kosa. Hapo ni Lugano mwenyewe alivyotaka. Nikasikia pumzi anazovuta, nikatambua anazivuta wapi. Ni pale waliobeba wanapobadilishana mabega. Mzee Shomari alikuwa ameshika bisibisi, hafanyi kitu.

"Huyu anamzika nani?" akaniuliza.

"Hamziki mtu, mzee. Ni konseto. Muziki wa Ulaya."

"Mimi nakwambia anazika. Mwache azike."

Tukaisikiliza mpaka mwisho. Mzee Shomari akasema sehemu ya kwanza na ya tatu zina makelele kidogo kwake, lakini ile ya katikati imemkumbusha siku aliyomzika mama yake, na angependa kuisikia tena. Mimi kwa upande wangu nilipenda ile ya kwanza, na ya katikati hata siku hiyo niliona imevutwa mno. Tumekaa kwenye kibanda kimoja, magoti yanagusana, kaseti moja, na kila mtu kaondoka na lake. Wala hakuna kati yetu aliyekuwa anadanganya.

Nikamweleza yote. Barua, gazeti, wazee wa usharika. Alinisikiliza huku anarudisha skrubu.

"Bwana mdogo," akasema, "wewe ulimsikiliza mtu, au ulisikiliza betri?"

Nikakirudisha kifilimbi mfukoni.

"Na hiyo ya kati, hata leo huipendi. Sawa, ni sikio lako. Uliandika kwamba ni sikio lako, au uliandika kwamba jamaa hajui?"

"Niliandika kwamba hajui, mzee."

"Kaandike tena. Mwezi huu huu."

"Nitaandika, mzee. Mungu akipenda."

"Usimtupie Mungu kazi yako," akasema. "Andika wewe." Hata fedha ya ufundi alikataa, akanirudishia redio kwa mikono miwili kama mtu anayempa mwenzake mtoto.

Nilitoka pale nimedhamiria. Nikafika Kilolo nikakaa na karatasi. Niandike nini? Kwamba Mwalimu Sikio hakujua betri zake zimekwisha? Shule nzima ingenicheka, mchungaji ningemtazamaje usoni? Nikasema nitaandika toleo lijalo. Toleo lijalo likaja, nikawa na mitihani ya darasa la saba. Lililofuata likaja, nikasema jambo limeshapoa, kulichokoa ni kumuumiza Lugano mara ya pili. Unaona nilivyokuwa na huruma! Nikauchuna. Mwezi ukawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Nilioa, nikahamia hapa Iringa, nikazaa, na lile jambo nikalifungia ndani huko, nikizoea kulipita kama mtu anavyopita mlango asiotaka kuufungua.

Mara moja tu tulikutana. Nilikwenda Mbeya kwa semina ya walimu, siku ya kurudi niko stendi, nikasikia kicheko kile. Kilikuwa kimepungua, lakini nilikijua. Lugano alikuwa amekonda, nywele zimejaa vumbi la kokoto, akanikumbatia mbele za watu.

"Ndaga fijo, ndugu yangu," akaniambia, anashukuru! "Wote walikuwa wananisifia tu. Ni wewe peke yako uliyenieleza ukweli."

"Bado unapiga?" nikamuuliza.

"Aa, niliacha. Lile tarumbeta lilipata shida."

Nilijua ndio wakati wenyewe. Nilifungua mdomo, Mungu ni shahidi yangu. Kondakta akaanza kupiga kelele basi linaondoka, watu wananisukuma, na Lugano ananiambia ngoja ngoja, akakimbia akarudi na kiroba cha viazi, akakiingiza dirishani. "Msalimie shemeji!" Nikapunga mkono. Basi likaondoka nami nimekumbatia viazi vyake mpaka Iringa. Mke wangu alivipika, tukavila wiki nzima. Vilikuwa viazi vizuri, na mimi nilivila, mwanangu. Hilo nalo liandikwe.

Mwaka jana nikapigiwa simu kwamba Lugano amefariki. Kifua. Nikapanda basi alfajiri, nikawahi mazishi. Ulikuwa msiba mkubwa, watu wengi, kwaya mbili zimeimba pale nyumbani, lakini matarumbeta hayakuwepo. Yeye aliyewasindikiza watu tangu utoto akapandishwa mlima kimya kimya, unasikia viatu tu kwenye kokoto. Nilitembea nyuma kabisa. Nilijikuta nahesabu hatua za waliobeba, na kila walipobadilishana mabega nilisubiri pumzi ambayo haikuja.

Baada ya mazishi mjane wake akaniita ndani. Anaitwa Mama Atupele, mama aliyekwishazeeka, mpole, wa maneno ya taratibu. Akaniuliza, "Wewe ndiye Mwalimu Sikio?" Nikaitika. Akaenda chumbani akarudi na sanduku la tarumbeta, akaliweka kwenye mkeka, akalifungua. Juu kulikuwa na ukurasa wa gazeti uliokunjwa, umekuwa wa njano. Hapo ndipo nilipoyasoma tena maneno yangu. Chini yake lilikuwepo tarumbeta, na lilikuwa limekatwa. Bomba lake limekatwa kwa msumeno na kuunganishwa tena kwa risasi ya kuchomelea, kiungo kimekaa upande kama mkono uliovunjika ukaunga vibaya.

"Uliandika liko chini," akasema. "Akasema bomba likiwa refu sauti inashuka, likifupishwa itapanda. Akaenda kwa fundi baiskeli, wakakata. Akawaomba na wenzake wakate yao, wakagoma. Wakamwambia gazeti halipigi tarumbeta. Yeye akawaambia, huyu ni msomi, na ni ndugu yangu, hawezi kusema lisilokuwepo."

Nikawa nalitazama lile bomba.

"Basi tangu hapo likawa halipatani na ya wenzake. Yeye juu, wao chini. Wazee wakampa kazi mtu mwingine. Bomba ukishalikata hulirudishi."

Nikamwambia. Nilikuwa mzee wa mvi, nimekaa kwenye mkeka wa mjane siku ya mazishi, nikamwambia. "Mama, lilikuwa sawa. Tarumbeta lake halikuwa na kosa lolote. Redio yangu ilikuwa imeishiwa betri."

Hakupiga kelele. Nje wanawake walikuwa wanaosha masufuria ya msiba, tunasikia yanavyogongana. Akaniuliza swali moja tu.

"Ulijua lini?"

"Baada ya mwezi mmoja, mama."

Akayafumba macho. "Yeye alikata mwezi wa tatu tangu lile gazeti litoke," akasema. "Ule wa kwanza na wa pili alikuwa analisubiri gazeti. Likifika analifungua palepale amesimama. Alikuwa ananiambia, ngoja, ndugu yangu ataandika tena, labda kuna kitu hakukisikia vizuri."

Mungu wangu. Nililia mbele ya yule mama kama mtoto, naye hakunibembeleza, na alikuwa na haki. Alikunja ukurasa wake, akaurudisha juu ya tarumbeta, akafunga sanduku. Nilimwomba anipe ile karatasi. Akakataa, akasema ni ya mumewe.

"Kaandike," akaniambia.

"Mama, lile gazeti lilishakufa zamani."

"Mimi sikukuuliza gazeti. Nimesema andika."

Hiyo ni mwaka jana. Na unajua nilifanya nini? Nikarudi Ipogolo, nikakaa mwaka mwingine. Mara macho, mara mguu, mara nitaandika wiki ijayo. Mpaka juzi nilipokiona kidole chako. Kwa hiyo haya unayoyasoma, kabla hayajawa nasaha zangu kwako, ni lile toleo alilolisubiri Lugano. Kesho nakala moja inaondoka na basi kwenda kwa Mama Atupele. Acha niliandike sawasawa sasa, kwa heshima yake.

Ndugu Lugano wa Mbeya alipiga konseto ya tarumbeta pamoja na wenzake wa matarumbeta ya usharika. Sauti yake ilikuwa sahihi, na ya wenzake ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi, niliyemsikiliza kwa betri zilizokwisha, nikajua baada ya mwezi, nikanyamaza. Sehemu ya kwanza ni nyepesi na ya furaha kuliko sahani zote tatu za daktari. Sehemu ya pili ni ya polepole sana. Zamani sikuipenda. Mzee Shomari, fundi redio, aliipenda siku ileile. Mimi ilibidi kwanza nimsindikize Lugano mlimani bila tarumbeta ndipo nikaielewa.

Sasa wewe, mwanangu. Sikukatazi kusema wimbo fulani hukuupenda. Masikio ni yako, na muziki unapigwa ili usikilizwe na watu, siyo na ukuta. Lakini ukisema, sema "kwangu mimi". Ni maneno mawili tu, na kama ningeyaandika siku ile, Lugano angecheka kile kicheko chake, akasema sikio la ndugu yangu ni gumu, akaendelea kupiga. Kabla hujasema, jiulize umesikilizia wapi na kwa chombo gani, umechoka au umekasirika, na kama ulishaamua kabla hata haijaanza kulia. Sikiliza mpaka mwisho. Rudia siku nyingine. Na ukigundua umemkosea mtu, usingoje kesho wala usingoje wiki ijayo. Mtu uliyemwambia ana kasoro hakai tu kusubiri ujirekebishe. Anachukua msumeno anaanza kujikata.

Kaseti ninayo bado, kwenye kabati la chini, imefungwa kwa kitambaa kilekile. Jumapili ukitoka kanisani pita hapa. Tutachomeka kwenye umeme, tutakaa, na simu yako utaiweka pembeni. Ikiisha utaniambia kwako wewe imekuwaje, nami sitakubishia.

Mungu akupe sikio lenye subira na ulimi usio na haraka. Akupe watu watakaokusikiliza mpaka mwisho siku ukiwa wewe ndiye unayepiga. Na siku utakayokosea, maana utakosea tu, akupe miguu ya kurudi mapema kuliko babu yako, umkute mwenzako bado amesimama mlangoni anakusubiri.